Milango ya Vioo Kabatini: Tunapanua Chumba au Tunavunja Sitara?





Upo mtindo uliopanda kutoka mjini Gisenyi hadi huku kwetu Busasamana, nao unaingia majumbani pamoja na vyombo vya harusi. Ni kabati la nguo lenye milango miwili mikubwa, na kila mlango ni kioo kitupu kutoka juu hadi chini. Limekuwa kipimo cha heshima. Bibi harusi asiyekuwa nalo anahesabiwa kuwa hakuandaliwa, na kijana asiye na pesa ya kulinunua anaambiwa asubiri kwanza. Mtu akiuliza linafaa nini katika chumba kidogo, jibu huwa ni moja: "Kioo kinapanua chumba."

Sisi tunasema wazi kwamba kioo hakipanui chumba. Katika vyumba vyetu vidogo vya kulala, milango hii inaondoa mambo mawili ambayo chumba kiliwekwa yawepo: sitara na usalama. Tunaomba msomaji atusikilize hadi mwisho, kisha apime mwenyewe.

Kwanza tupime chumba

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 3, kama vilivyo vingi katika nyumba zetu. Kitanda cha upana wa mita 1 na nusu kimeegemea ukuta mmoja. Ukuta wa pili, unaotazamana nacho, una kabati lenye kina cha sentimita 60. Ukitoa kitanda na kabati, kati yake inabaki njia ya sentimita 90. Hapo ndipo mama anapovaa, baba anaposwali Sunna zake, na usiku ndipo godoro la mtoto linapotandikwa.

Sasa tia kioo kwenye milango ya kabati. Njia ni sentimita zile zile 90. Jicho linaona chumba cha pili kule ndani ya kioo, lakini mguu hauingii huko, wala godoro halitandikwi huko. Na kioo hakichagui cha kuonyesha. Kikitazama dirisha, kweli kinaongeza mwanga mchana, na hilo hatulikatai. Kikitazama ukuta wenye giza, kinarudisha giza. Kikitazama kitanda ambacho hakijatandikwa na nguo zilizotundikwa msumarini, unapata vitanda viwili na fujo mara mbili.

Watetezi wa milango hii wana hoja moja nzuri, nasi hatutaificha. Wanasema milango hii husukumwa pembeni, haifunguki kuja mbele, kwa hiyo katika njia ya sentimita 90 inaokoa nafasi. Ni kweli. Lakini kinachookoa nafasi hapo ni reli na magurudumu. Fundi seremala anaweza kutengeneza mlango wa mbao nyepesi unaosukumwa vivyo hivyo. Na pazia la kitambaa lililopita kwenye waya linaokoa nafasi kuliko yote. Basi tusikipe kioo sifa ya kazi iliyofanywa na reli.

Pili, kioo na sitara ya nyumba

Waislamu tumefundishwa adabu ya chumba cha kulala mapema sana. Katika Surat An-Nuur, aya ya 58, Allah (S.W.) ameamrisha hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa kuvua nguo adhuhuri, na baada ya Swala ya Isha. Nyakati hizo zimeitwa nyakati za faragha. Watoto wa nyumbani mwenyewe ndio wanaoagizwa hivyo! Itakuwaje kwa mgeni aliyekaa sebuleni?

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) kupitia tundu. Mtume alimkemea vikali, na akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya macho. Tuizingatie sababu hiyo. Mtu anaweza kusimama nje, mguu wake haujavuka kizingiti, na jicho lake likawa limeshaingia.

Sasa tutazame nyumba zetu. Mlango wa chumba cha kulala hufungukia sebuleni. Wazee wetu walijua la kufanya: kitanda kiliwekwa upande usioonekana kutoka mlangoni, na mlangoni pakatundikwa pazia. Mgeni akitupa jicho, anaona ukuta. Ukiweka kioo cha mita 2 kwa mita 2 mkabala na mlango huo, umebatilisha hekima yote. Aliyekaa pembeni mwa sebule hahitaji kusogea. Pazia likipeperushwa na upepo, au mtoto akiacha mlango wazi, kioo kinamletea ile pembe ya chumba iliyokuwa imefichwa, pamoja na aliyekuwamo. Mwenye kuchungulia tundu alikuwa na kazi ya kuinama. Huyu tumempunguzia kazi!

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tunanunua mlango unaong'aa na kuitoa nje siri ya ndani.

Lipo pia suala la kuswali. Katika chumba cha namna hii hakuna pengine pa kutandika msala ila kwenye ile njia ya sentimita 90, na mara nyingi Kibla kinaangukia kwenye kabati. Hatusemi kwamba Swala inabatilika kwa sababu ya kioo. Tunakumbusha tu kwamba Mtume (S.A.W.) alimtaka Bibi Aisha (R.A.) aondoe pazia lenye picha, kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia akiwa katika Swala. Ikiwa pazia lilimshughulisha Mtume, je, kijana wa miaka 15 ataswali vipi mbele ya sura yake mwenyewe, kanzu yake na kofia yake, akijiona kila anapoinuka kutoka rukuu?

Tatu, ardhi tunayoishi

Hapa ndipo hoja inapokuwa nzito zaidi kwetu kuliko kwa watu wa mahali pengine. Busasamana ni jirani wa Nyiragongo. Mlima huo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002, na ukalipuka tena usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ilitetemeka siku kadhaa mfululizo, huku na Goma. Nyumba za Rubavu zilipata nyufa, nyingine zikabomoka, na familia nyingi zililala nje kwa kuogopa kuta zao wenyewe. Na si volkano peke yake. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko kubwa lilipiga upande wa kusini wa Ziwa Kivu, Bukavu na Rusizi, na watu walikufa pande zote mbili za mpaka. Tunaishi katika bonde la ufa. Swali kwetu si kama ardhi itatetemeka tena. Swali ni tutakuwa tumelala wapi siku hiyo, na juu ya vichwa vyetu kutakuwa na nini.

Wanafunzi watusaidie hesabu. Mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 4 ina uzito wa kilo 10. Milango miwili, kila mmoja mita 1 kwa mita 2, ina mita 4 za mraba. Hizo ni kilo 40 za kioo, mbali na mbao na reli. Zimesimama wima, zimeshikwa na gundi na kijireli chembamba juu na chini. Mlango una urefu wa mita 2. Ukichomoka na kuanguka mbele, unavuka ile njia ya sentimita 90 na bado unayo zaidi ya mita moja ya kulala juu ya kitanda. Katika chumba kikubwa mtu angeweza kuukwepa. Katika chumba kidogo hakuna pa kukwepea, na kwenye njia yenyewe amelala mtoto.

Tena vioo vingi vya kujitazamia ni vioo vya kawaida, si vile vilivyoimarishwa kwa moto. Kioo kilichoimarishwa kikivunjika hugeuka punje ndogo. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu. Fikiria usiku, umeme umekatika, watoto wanaamshwa wakimbie nje peku, na sakafu imejaa vipande hivyo. Tetemeko lenyewe huenda lisimguse mtu hata mmoja, na miguu ya familia nzima ikachanika njiani kuelekea mlangoni.

Kwa wale wanaotishia watu kwa majini

Wapo wanaopinga vioo hivi kama sisi, lakini kwa maneno ambayo hatuwezi kuyaunga mkono. Wanasema kioo chumbani huita majini, au kwamba mwenye kujitazama usiku atapatwa na wazimu. Tunawauliza: dalili iko wapi? Kioo ni kifaa cha halali, na usafi na unadhifu ni katika mafundisho ya dini yetu. Kutunga makatazo yasiyokuwepo ni kuidhulumu dini. Kisha kuna hasara ya pili: kijana msomi akisikia habari za majini anacheka, na akishacheka hataki kusikia tena habari za sitara na tetemeko, ambazo ni za kweli.

Nne, kioo kinachotosha

Mtu atauliza: "Basi tujitazame wapi?" Jibu lipo katika somo la fizikia la sekondari. Ili uone mwili wako wote, kuanzia utosini hadi unyayoni, unahitaji kioo chenye nusu tu ya urefu wako. Mtu wa sentimita 170 anahitaji kioo cha sentimita 85, mradi ukingo wake wa juu uwe kati ya usawa wa macho na utosi. Kusogea nyuma au mbele hakubadilishi kitu. Asiyeamini ajaribu nyumbani kwa karatasi na gundi.

Basi kioo cha sentimita 85 kwa 40 kinatosha kabisa kwa kanzu, hijabu na sare ya shule. Uzito wake ni kama kilo 3 na nusu. Tunalipia kilo 40 kwa haja ya kilo 3 na nusu, na tofauti hiyo yote ni ya kuonekana mbele za watu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tufanye nini?

Kwa wanaojiandaa kununua, ushauri wetu ni huu. Agizeni kabati la mbao lenye milango ya kusukuma, au rafu zenye pazia. Kioo kidogo kibandikwe upande wa ndani wa mlango wa kabati, au kitundikwe kwenye ukuta usiotazamana na mlango wala na kitanda, kwa misumari imara. Anayetaka chumba chenye mwanga apake kuta rangi nyeupe na asizibe dirisha kwa masanduku. Na kabati lolote, liwe na kioo au lisiwe nacho, lifungwe ukutani kwa vyuma na skrubu.

Kwa waliokwisha kununua, hatusemi mvivunje. Kaguzeni reli ya juu na gundi, kwani unyevu wa huku milimani hula mgongo wa kioo na kukitia madoa meusi pembeni. Bandikeni juu ya kioo karatasi ngumu ya plastiki inayonata, ili kikivunjika vipande vishikane. Tundikeni pazia mbele yake na mlifunge wakati wa kulala, wakati wa Swala na wanapokuja wageni. Godoro la mtoto lihamishwe mbali na milango hiyo leo hii, msingoje kesho. Na viatu vya kila mmoja viwe karibu na kitanda.

Kwa wazazi wenye mabinti wa kuozesha, tuna neno moja zaidi. Ndoa isicheleweshwe kwa ajili ya kioo. Mkulima wa viazi anayeuza mavuno ya msimu mzima ili binti yake aingie na kabati linalong'aa, na baada ya mwezi hana pesa ya mbegu, hakumheshimu binti yake. Amewafurahisha majirani kwa siku moja. Pesa hiyo ingetosha kuanza maisha kwa godoro zuri, mtungi wa gesi na akiba kidogo. Masheikh na akina mama wanaosimamia shughuli za harusi wana nafasi ya kulisema jambo hili hadharani, na tunawaomba walisema.

Chumba kidogo si aibu. Vyumba vya wake za Mtume (S.A.W.) vilikuwa vidogo, na hakuna nyumba iliyopata heshima kuvishinda. Chumba chetu kidogo kikiwa na sitara, usafi na usalama, kimetosha.

Tunamuomba Allah azistiri nyumba zetu, na azilinde familia zetu na kila tetemeko. Amin.

Wabillahi tawfiq.