Nani kakwambia kompyuta haielewi Kiswahili?

Juzi nilikaa na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni, anasomea mambo ya kompyuta. Nikamuuliza, hivi veriabo ni nini? Akanijibu kwa Kiingereza kilichonyooka, sentensi ndefu, bila kupumua, kama anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nikamwambia haya, sasa nieleze kwa Kiswahili. Akacheka. "Kaka, hivi vitu havina Kiswahili."

Tangu siku hiyo nimeudhika, na leo naona bora niyatoe.

Nimeudhika kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini. Nilisoma kozi ya kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, sitakitaja. Tulikuwa wengi, mashine zinazowaka hazikufika kumi, na somo la kuandika programu lilifundishwa ubaoni kwa chaki. Mwalimu anaandika, sisi tunanakili. Mtihani ni karatasi: andika programu kwa kalamu, ukisahau nukta-mkato umekwenda na maji. Mwalimu mwenyewe akipiga soga na sisi nje ni Kiswahili tupu, tena cha uswahilini, ila akiingia darasani anageuka mganga, dawa haifanyi kazi mpaka maneno yasieleweke na mgonjwa. Nilitoka pale na cheti pamoja na imani thabiti kwamba ubongo wangu haukuumbwa kwa kazi ile. Mwenzangu niliyekaa naye benchi moja aliacha kabla hata ya cheti.

Miaka ikapita. Kilichonirudisha ni kazi ya habari. Baraza la Mitihani linaweka matokeo mtandaoni shule kwa shule, ukurasa kwa ukurasa. Nilitaka kulinganisha shule zote za wilaya moja, nikawa nanakili kwenye daftari mpaka macho yakauma. Rafiki akaniambia hiyo ni kazi ya dakika chache kwa Python. Nikaanza sifuri, safari hii bila mwalimu wa chaki, kwa simu tu, maana zipo tovuti unazoweza kuandikia Python ndani yake bila kusakinisha kitu. Wiki ya kwanza tu nikagundua kwamba niliibiwa.

Hebu twende gereji yoyote. Fundi anakwambia kabureta imeziba, plagi zimechoka, silensa imetoboka. Nani alimtaka afaulu kwanza Kiingereza ndipo aguse injini? Na wewe unayebishana kijiweni kuhusu penati, kona na ofsaidi, uliyasomea wapi maneno hayo? Tuliyachukua, tukayavalisha kanzu, tukaendelea na shughuli. Basi Python, lugha aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ina maneno maalumu 35 tu. Thelathini na tano! Mkaa kijiweni wa kawaida anajua majina mengi zaidi ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mengine mengi unayabatiza mwenyewe, na mashine haijali umeyatoa Oxford au Tandale.

Angalia hii:

daladala = ["mzee", "mwanafunzi", "mama", "mwanafunzi"]
jumla = 0
for abiria in daladala:
    if abiria == "mwanafunzi":
        jumla = jumla + 200
    else:
        jumla = jumla + 600
print(jumla)

Umemwona konda? Kwa kila abiria aliyemo ndani ya daladala, kama ni mwanafunzi chukua mia mbili, vinginevyo chukua mia sita. Mwisho wa safari sema umekusanya ngapi. Jibu ni 1600. Maneno maalumu hapo ni manne: for, in, if na else. Ile nafasi iliyoachwa kushoto si urembo, ndiyo inayoiambia mashine kipi kiko chini ya kipi, na ukiivuruga inagoma.

Najua panapokwamisha watu: jumla = jumla + 600. Aliyesoma aljebra anaruka, haiwezekani kitu kilingane na chenyewe jumlisha 600! Ni kweli, kwenye hesabu haiwezekani. Ila hapa alama ya = haisemi "ni sawa na", inasema "weka". Chukua zilizomo mkononi mwa konda, ongeza mia sita, zirudishe mkononi. Jumla ni jina la huo mkono, na hiyo ndiyo veriabo yenyewe iliyosomewa risala. Mimi nilihangaika nayo muhula mzima kwa kukosa mtu wa kunitajia konda.

Kosa langu la kwanza la maana nalo nalikumbuka. Niliandika programu ya kuhesabu bei ya chapati:

bei = 500
idadi = input("Chapati ngapi? ")
print(bei * idadi)

Nikajibu 4, nikisubiri 2000. Skrini ikajaa 44444444 mpaka nikadhani simu imeharibika. Zilikuwa 4 mia tano zimejipanga. Sababu? Unachokiandika kwenye input kinapokelewa kama maandishi, si namba, hata kama umebonyeza tarakimu. Alama ya nyota ikikutana na namba mbili inazidisha, ikikutana na namba na maandishi inayarudia maandishi mara hizo. Dawa ni kuandika int(input("Chapati ngapi? ")), basi.

Vitabu vinalitolea jambo hili sura nzima ya kutisha, wakati Mswahili analo kinywani tangu utotoni. Tunasema mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Mzizi ni uleule, lakini kilichopo pembeni ndicho kinachoamua utatokaje. Kompyuta nayo ina ngeli zake, tena chache kuliko zetu. Mwalimu akianza na hapo, darasa zima linaelewa kabla ya kengele.

Na wala ugomvi huu si mpya. Miaka ya 1950 Marekani, Grace Hopper, mwanahisabati aliyekuwa pia afisa wa jeshi la majini, aliwaambia wakubwa wake katika kampuni ya Remington Rand kwamba kompyuta inaweza kupewa amri kwa maneno ya kawaida. Wakamwambia haiwezekani, kompyuta haijui Kiingereza. Yeye na wenzake wakaandaa programu fupi kwa Kiingereza, kisha wakaigeuza kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwa mashine ni kitu kilekile, alama tu. Hopper mwenyewe alisimulia mwaka 1978 kwamba wakubwa walishtuka, iweje kompyuta ya Marekani ielewe Kifaransa? Ikabidi awaahidi kwamba watabaki na Kiingereza. Kwa hiyo kabla hatujaambiwa haijui Kiswahili, Wamarekani waliambiwa haijui Kiingereza.

Sisemi Kiingereza hakina kazi. Maelezo mengi yameandikwa kwa lugha hiyo, na hata ujumbe wa makosa, ingawa huo ni uleule unaojirudia: soma mstari wa mwisho, tazama namba ya mstari iliyotajwa, nenda karekebishe. Ninachokataa ni kukifanya Kiingereza kuwa mlango, wakati kinatosha kuwa kabati ndani ya nyumba.

Kuna wanaonicheka pia, eti tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 unajisumbua nini, omba programu upewe. Naiomba, tena inanipa. Ila ikinitolea hesabu ya nauli iliyomsahau mwanafunzi, nani atagundua kama sijui kusoma if? Halafu kuna kichekesho: ukiiomba ikueleze lupu kwa Kiswahili, inakueleza. Yaani mashine ya California imekubali kazi ambayo mhadhiri wa Kibongo ameikataa, kisha anaidai ada.

Yule kijana nilimwandikia programu ya daladala kwenye simu yake. Aliisoma mara mbili, akanyamaza, akasema, "Kumbe ndiyo hii?" Nikampa kazi ya nyumbani, na wewe ichukue: mpandishe askari mwenye sare, yule ambaye konda humpita bila hata kumgusa bega. Neno la tano utakalohitaji ni elif.