Tusihesabu Chanjo Tu, Tumwangalie na Mtoto

Ndugu wazazi wa Nakivale,

Mimi ni kijana wa kujitolea wa afya, upande wa Base Camp. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Nikikuta mtoto mchanga naomba kadi, naangalia chanjo, naweka alama, naaga. Leo nataka kusema kwamba kazi hiyo peke yake haitoshi, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna nyumba moja niliyopita mara nyingi. Mtoto alikuwa amepata chanjo zote za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Siku moja mama yake akaniambia: "Dokta, huyu hasumbui kabisa. Nikimlaza hapa namkuta hapa hapa. Na shingo bado." (Watu hutuita dokta, ingawa sisi si madaktari.) Mtoto alikuwa na miezi 7. Nikamjibu: "Mama, mshukuru Mungu, umepata mtoto mpole." Nikaweka alama yangu, nikaenda zangu.

Mtoto huyo alifika hospitali Mbarara akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Huko mama aliulizwa jinsi alivyojifungua. Alijifungulia nyumbani, uchungu ulichukua usiku na mchana, na mtoto alichelewa sana kulia. Wakamweleza kwamba ubongo ulikosa hewa. Wakamfundisha mazoezi, namna ya kumkalisha na namna ya kumlisha bila kupaliwa. Leo mtoto anakaa akiegemezwa, na anacheka. Lakini mama aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Sikuwa na jibu.

Miezi ambayo hatuonani

Tazameni kadi ya mtoto. Baada ya wiki ya 14, mama wengi hukaa miezi bila kuonekana kituoni, isipokuwa mtoto akiugua. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo shingo inakaza, mkono unajifunza kushika, mtoto anageuka na kukaa. Wakati mambo makubwa yanatokea, hakuna anayemwangalia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kila tunapouliza "amechanjwa?" tuulize pia "anafanya nini sasa?" Swali hilo halihitaji dawa wala mashine. Mama analijua jibu kuliko daktari yeyote, kwa sababu anakaa na mtoto mchana na usiku.

Mambo ya kuangalia

Akifika miezi 2: anakutazama usoni, anatabasamu ukimchekea, anashtuka akisikia sauti kubwa. Ukimlaza kifudifudi anajaribu kuinua kichwa.

Akifika miezi 4: shingo imekaza, kichwa hakiyumbi ukimpakata. Anafungua viganja, anapeleka mikono mdomoni, anatoa sauti ukizungumza naye.

Akifika miezi 6: ananyoosha mkono kuchukua kitu, anacheka kwa sauti, anageuka kutoka tumboni. Ukimkalisha anajishikilia kwa mikono yake.

Akifika miezi 9: anakaa bila kushikwa, anasema "mamama" au "bababa", anageuka akiitwa jina, anahamisha kitu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Aliyewahi miezi miwili, akifika miezi sita tumia kipimo cha miezi minne.

Watoto hawalingani, lakini

Najua mtasema kila mtoto na siku yake. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema huko Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Kuna waliokaa wenyewe kabla ya miezi 4 na kuna waliofikisha miezi 9. Kutembea ni hivyo hivyo: wengine miezi 8, wengine miezi 17, na wote wazima. Wachache hawakutambaa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo usilie kwa sababu mtoto wa jirani amemtangulia wako.

Lakini kuchelewa kidogo ni tofauti na dalili ya hatari. Usingoje ukiona haya:

- Miezi 3 imepita na hatabasamu, au hafuati kitu kwa macho.
- Miezi 4 imepita na kichwa bado kinaanguka.
- Mwili ni mlegevu kama kitambaa, au mgumu, miguu inapishana kama mkasi.
- Ngumi zimefungwa wakati wote, au anatumia mkono mmoja tu na wa pili ameuacha.
- Hashtuki kwa sauti yoyote.
- Mboni ya jicho ina weupe. Hospitali ya Ruharo pale Mbarara inajulikana kwa matibabu ya macho.
- Kichwa kinakua haraka kuliko mwili.
- Alikuwa anafanya jambo, sasa ameacha, hasa baada ya malaria kali, degedege au homa ya uti wa mgongo.

Ukiona mojawapo, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Eleza unachoona nyumbani, usitoe kadi tu ukanyamaza. Uliza kama mtoto anahitaji rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mbarara. Ukijibiwa "subiri", uliza: hadi lini? Rudi siku hiyo.

Maneno ya bombani

Tukipanga majerikani kwenye foleni ya maji, maneno ni mengi. "Mtoto amerogwa." "Mama alivunja mwiko." "Ni mvivu kama baba yake." Maneno haya yanamfanya mama amfunike mtoto kwa kitenge na asitoke naye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto aliyefichwa hafi siku hiyo, lakini anapoteza miezi ambayo ubongo wake ulikuwa tayari kufundishwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mazoezi ya miezi 5 si sawa na mazoezi ya miaka 3, mwili ukishakakamaa.

Na akina baba, msiseme hayo ni mambo ya wanawake. Mama anayeambiwa "umenizalia shida" hawezi kwenda Mbarara peke yake na mtoto mgongoni.

Kazi ya kila siku nyumbani

Mtoto mzima naye anahitaji kusaidiwa akue. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kwenye mkeka kwa muda mfupi, ukiwa hapo hapo. Zungumza naye kwa lugha yako, Kibembe, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, yoyote. Mwimbie ukiwa unachambua maharage. Mpe chupa tupu iliyooshwa, kifuniko kimetolewa, aigonge. Kumbeba mgongoni hakumfanyi mvivu, ila asibebwe siku nzima. Msimvute shingo, wala msimsimamishe kwa nguvu mtoto ambaye hata kukaa bado.

Ombi langu

Kwa wauguzi: siku ya chanjo foleni ni ndefu, tunajua. Hata hivyo, ulizeni swali moja tu kabla ya sindano. Kwa wenzangu wa kujitolea: tuweke mstari mmoja zaidi kwenye daftari, "anafanya nini". Tupite kwa makusudi kwenye nyumba za watoto wa miezi 4 hadi 8. Mtoto akifika miezi 6 anatakiwa kupata vitamini A, nayo ni nafasi nzuri ya kumwangalia.

Kwa mama: ukiniambia "shingo bado" nami nikakujibu "mshukuru Mungu", usinikubalie. Niambie nikae chini, nimpakate mtoto, nimwangalie vizuri. Safari hii nitakaa.