Kabla Hujairuhusu Programu ya Mkopo Simuni

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia lishe, chanjo na malezi. Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie programu tunazoongeza kwenye simu zetu, hasa zile za mikopo, maana nazo zinagusa afya na amani ya nyumba.

Huku kwetu Mbinga fedha ina majira yake. Kahawa ikishauzwa, nyumba inapumua. Ikifika Januari, sare na madaftari yanadai, mbolea inadai, na kahawa bado iko mtini. Kule mwambao, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ziwa likichafuka dagaa hawapatikani, na mama anayeishi kwa kuanika hana cha kupeleka sokoni. Ndipo linapokuja tangazo simuni: mkopo wa dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Mama anabonyeza.

Ukweli ni kwamba dhamana ipo. Programu nyingi za namna hiyo, zikishaingia, huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo simuni. Siku ukichelewa kulipa, ujumbe unatumwa kwa mkwe, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mwenyekiti wa kikundi, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Hawakushika shamba wala mbuzi wako. Walichoshika ni aibu yako. Sisi wauguzi tunawaona akina mama wasiolala usiku, wenye moyo kwenda mbio, na ukiwauliza polepole unakuta chanzo ni deni ambalo mume hajui.

Jambo hili limefika hata serikalini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi wasiyatumie. Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho.

Hatusemi kila programu ni mbaya. Tunasema ichaguliwe kama tunavyochagua dawa: hunywi kidonge kwa sababu ya rangi yake tu. Tuangalie mambo haya manne.

Kwanza, mwenyewe ni nani? Tafuta jina la kampuni, siyo jina la programu tu, kisha ulilinganishe na orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha umma kama biashara lazima awe na leseni. Kama huwezi kuingia kwenye tovuti, mwombe kijana unayemwamini akusomee.

Pili, inaomba nini? Tangu Mei 31, 2023, Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Kwa hiyo ikikuomba majina ili ikupe fedha, hiyo peke yake inatosha kuikataa.

Tatu, imetoka wapi? Programu iliyotumwa kwa kiungo cha WhatsApp, au tuliyoambiwa tuipakue nje ya duka la simu, tuiache. Hakuna aliyeikagua. Wingi wa nyota za sifa nao usitutie moyo sana, maana sifa hununuliwa. Soma malalamiko ya waliotumia.

Nne, hesabu ikoje? Tuseme umeomba shilingi 50,000. Wanakata "gharama" 15,000, unapokea 35,000, na baada ya siku saba unatakiwa kurudisha 50,000. Kwa kila shilingi 1,000 uliyopokea umelipa zaidi ya 400 juu yake, kwa wiki moja. Hakuna genge la nyanya wala dagaa linaloleta faida hiyo.

Na aliyekwisha kuingia afanye nini? Asikope kwa mmoja ili amlipe mwingine. Aende kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, aondoe ruhusa zote. Ajue pia kwamba kuifuta programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, na deni lenyewe halifutiki. Kwa hiyo amwambie mume wake na watu wake wa karibu kabla hawajaambiwa na mgeni. Aibu iliyosemwa na mwenyewe hupungua nguvu. Ujumbe wa vitisho asiufute, ni ushahidi wa kupeleka polisi. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2022, inayopokea malalamiko ya namna hii. Ujumbe wa kitapeli utumwe namba 15040.

Akina baba wanaosoma kwa pembeni, nanyi tunawaomba: mama akisema, msianze kwa kufoka. Mara nyingi alikopa ili watoto wenu waende shule.

Tuvitie nguvu vikundi vyetu vya kuweka na kukopa na SACCOS zetu. Huko ukikwama unakaa na wenzako, mnapanga upya mbele ya watu wanaokujua. Na mnapokutana jumuiyani mwezi huu, someni pamoja Mithali sura ya 22, kisha kila mama atoe simu yake, muangalie kwa pamoja ni programu gani zimepewa ruhusa ya kusoma majina.

Hadi mwezi ujao, Mungu azilinde nyumba zenu.