AKIBA YA MAFUTA ISIUE KAZI

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na mwananchi wa Mwanza huona bei yake imepita ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta husafiri mbali kutoka pwani. Kwa hiyo hatumlaumu mwenye gari anayetafuta njia ya kubana matumizi. Lakini twasema wazi: gari la mwananchi ni chombo cha kazi, na akiba inayoua kazi si akiba.

Wengi wanauliza habari za gesi. Dar es Salaam, ambako bomba la gesi kutoka Mtwara lilifunguliwa mwaka 2015, madereva wengi wa teksi na bajaji wamefunga mitungi na wanafaidika. Bomba hilo halijafika ziwani. Tena mtungi wa chuma ni mzito, na hukaa pale pale panapowekwa mzigo. Tuchukue mfano wa mchuuzi anayetoa magunia sita ya dagaa Mwaloni Kirumba kwa safari moja, akichoma lita tisa. Mtungi ukimwachia nafasi ya magunia matatu, atakwenda mara mbili. Hata gharama ya kila safari ikishuka kwa theluthi moja, atalipa sawa na lita kumi na mbili. Huyo amepata hasara.

Wengine hushusha gari ili likate upepo vizuri. Upepo huzuia gari hasa likienda kasi katika barabara kuu. Katika njia za mawe za vilima vyetu gari hilo litakwaruza tumbo tu.

Baya zaidi ni desturi ya kuzima injini mteremkoni. Injini ikizimwa, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani huwa mzito. Je, abiria wanaoshuka kilima cha Bugando wana kosa gani? Na akiba yenyewe ni ndogo mno, kwani magari mengi ya siku hizi hujikatia mafuta yenyewe yakiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta.

Yapo ya kufanya yasiyopunguza kazi wala usalama. Jaza upepo wa matairi kwa kipimo cha mtengenezaji. Safisha chujio la hewa. Badilisha plagi kwa wakati. Vua keria isiyo na mzigo. Endesha kwa mwendo wa wastani.

Nao wakuu wanaohusika twawaomba mambo mawili: vituo vya gesi viletwe Kanda ya Ziwa kabla watu hawajahimizwa kufunga mitungi, na mafundi wanaofunga mitungi hiyo wakaguliwe kwa makini.

Ndugu mwananchi, kabla hujamlipa fundi, hesabu magunia, hesabu abiria, hesabu safari zako za juma zima. Ndipo uhesabu lita.