Sinema ya Emily Rose katika Mizani ya Mkristo

Kila inapozuka sinema ya kutisha yenye habari za pepo, Wakristo wa vyuoni aghalabu hugawanyika kambi mbili. Wa kwanza hushikilia kwamba kuitazama ni kumfungulia Ibilisi mlango. Wa pili huishabikia kwa hoja kwamba walau inawakumbusha watu wa zama hizi kuwa shetani yupo, na iwapo shetani yupo basi Mungu naye yupo. Makala haya hayakubaliani na kambi yoyote kati ya hizo. Mfano nitakaoutumia ni The Exorcism of Emily Rose, sinema ya Kimarekani iliyotoka mwaka wa 2005 chini ya uelekezi wa Scott Derrickson. Nimeichagua kwa sababu Derrickson mwenyewe ni Mkristo, na kwa sababu sinema yenyewe hujitangaza kuwa imejengwa juu ya kisa cha kweli. Hukumu ya Mkristo, kwa maoni yangu, haina budi kuanzia kwenye neno hilo "kweli" kabla ya kufika kwa pepo.

Kwa asiyeitazama, muhtasari ni huu. Emily, msichana mcha Mungu, anatoka kwao mashambani na kujiunga na chuo kikuu. Huko anaanza kushambuliwa na nguvu asizozielewa, saa tisa za usiku. Padre Moore anampunga pepo, dawa za hospitali zinaachwa, msichana anafariki, na padre anashtakiwa. Ploti imesukwa mahakamani, na maisha ya Emily tunayapata kwa mbinu rejeshi kadiri mashahidi wanavyosimama kizimbani. Kiongozi wa mashtaka ni Mmethodisti mshika dini asiyekubali hoja ya pepo, ilhali wakili wa utetezi, Erin Bruner, ni mtu asiye na imani thabiti. Kinaya hicho ni cha kusifiwa. Hali kadhalika uigizaji wa Jennifer Carpenter, ambaye mwili wake unafanya kazi ambayo waelekezi wengine wangeiachia kompyuta.

Sasa tukitazame kisa chenyewe. Anneliese Michel alizaliwa mwaka wa 1952 katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, akalelewa katika mji mdogo wa Klingenberg katika familia ya Kikatoliki iliyoshika dini barabara. Akiwa angali shuleni alianza kupatwa na vifafa, akatibiwa, na baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Würzburg kusomea ualimu. Alikuwa mwanafunzi kama sisi. Mwezi wa Septemba 1975 Askofu Josef Stangl alitoa idhini ya kumpunga pepo, na mapadre wawili, Arnold Renz na Ernst Alt, wakaifanya kazi hiyo kwa muda wa miezi kumi hivi, vikao 67 kwa jumla. Tarehe 1 Julai 1976 alikata roho, umri wake miaka 23, uzito wake kilo 31 hivi. Sababu ya kifo ilikuwa utapiamlo na ukosefu wa maji mwilini. Mwaka wa 1978 mahakama ya Aschaffenburg iliwatia hatiani watu wanne, wazazi wake wawili na mapadre wote wawili, kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Walipewa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa.

Linganisha. Katika sinema wazazi hawashtakiwi. Anabaki padre mmoja mpole, aliyeigizwa na Tom Wilkinson kwa namna inayomfanya mtazamaji ampende kabla hajasema neno. Dawa ya kifafa inapewa jina la kubuni, Gambutrol, kisha analetwa msomi wa anthropolojia kueleza kwamba dawa hiyo ndiyo iliyoizuia ibada isifaulu. Kwa maneno mengine, tabibu ndiye anayegeuzwa mshtakiwa. Hatimaye nje ya mahakama mambo ya ajabu yanaanza kumwandama wakili naye: anaamka saa ile ile ya tisa, saa yake inasimama, shahidi wake anauawa barabarani. Wateteaji wa Derrickson husema ameziacha pande mbili zizungumze kwa usawa. Si kweli. Maneno amepewa daktari, lakini picha karibu zote amepewa pepo, na katika sanaa ya sinema picha ndiyo inayoshinda kesi.

Najua jibu litakalotolewa, hasa na wenzangu wa fasihi: msanii hafungwi na historia. Naam, hafungwi. Lakini anayetaka uhuru wa mbunifu asikope imani ya watazamaji kwa kuwaambia kwamba haya yalitokea. Wapo watakaotoka ukumbini wakijisemea lisemwalo lipo, na yule aliyekufa kwa njaa akiuguzwa nyumbani kwao hawezi kurudi kusahihisha. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuweka kando majirani waliofariki.

Twende kwenye Maandiko, kwa kuwa ndiyo mizani niliyoichagua. Biblia yetu ya Kiswahili, katika Mathayo 4:24, inawataja wenye pepo na wenye kifafa kama makundi mawili mbalimbali ya watu walioletwa kwa Yesu. Ni kweli kwamba katika sura ya 17 kijana mwenye kifafa anatolewa pepo, na Mkristo hana haja ya kuifuta sura hiyo. Ila tuangalie simulizi lile lile lilivyo katika Marko 9: kabla ya kukemea lolote, Yesu anamwuliza baba mtu hali hii ilianza lini. Halafu kuna sura ya 5 ya Marko, ile ya Legioni, ambayo watengenezaji wa sinema za pepo wanaipenda mno. Sura hiyo haiishii kwenye nguruwe. Inaishia nyumbani kwa Yairo, msichana wa miaka 12 amefufuliwa, na agizo la mwisho la Yesu ni kwamba msichana huyo apewe chakula. Sijaona sinema ya pepo iliyofika mwisho wa sura.

Uhalali wa mateso ya Emily unaelezwa kwa barua: Bikira Maria amemtokea, akampa hiari ya kuondoka au kubaki akiteseka ili ulimwengu uamini. Wazo hili lina mizizi katika kisa cha kweli, kwa maana waliomzunguka Anneliese nao waliamini kwamba anateseka kwa ajili ya dhambi za wengine. Mapokeo ya Kikristo yanaijua heshima ya mateso yaliyopokelewa kwa hiari. Hata hivyo, hiari ya mgonjwa asiyeweza kula haiwaondolei waliosimama kando ya kitanda wajibu wa kumwita daktari. Kanisa Katoliki lenyewe, liliporekebisha kanuni ya ibada hiyo mwaka wa 1999, lilisisitiza kwamba padre asiharakishe kuamini kuwa mtu amepagawa, na kwamba inapofaa wataalamu wa tiba washauriwe.

Nina tashwishi nyingine, ya lugha. Emily anapotaja pepo wake sita, anawataja waliomkalia Kaini, Nero na Yuda, pamoja na Legioni, Beliali na Lusifa. Katika kisa cha Ujerumani alitajwa pia Hitler, na sinema ikamwacha nje. Kumwacha kumewapa pepo hao sura ya kale, ya milele. Angebaki, mtazamaji angeanza kujiuliza kwa nini pepo wa msichana wa Kijerumani aliyezaliwa miaka 7 baada ya vita wanazungumza kama katekisimu na kitabu chake cha historia.

Kisa hiki hiki kilisimuliwa tena na Wajerumani wenyewe mwaka wa 2006, katika sinema iitwayo Requiem ya Hans-Christian Schmid, iliyompa Sandra Hüller tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Humo hamna macho meusi wala sauti za mazimwi. Kuna mwanafunzi mwenye kifafa, mama mkali, rafiki mmoja mwaminifu, na chumba cha bweni. Sinema inakoma kabla ya kifo, na habari za kifo tunazipata kwa maandishi machache. Haikuundwa iwe mahubiri, lakini inamwona binti huyo kuwa mtu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ile ya muumini haikulifanya. Watakaozitazama zote mbili kwa ajili ya somo la fasihi linganishi, waanze na ya Schmid.