Baiskeli za Mkwakwani nazo zifike salama

Mechi ya saa 10 jioni Mkwakwani inamalizika saa 12 kasoro. Shabiki wa Tanga haondoki papo hapo. Kuna kumjadili refa, kuna kahawa na kashata, kuna mgosi mmoja lazima aelezwe kwa nini winga wake hafai. Mpaka baiskeli ifunguliwe mnyororo, magharibi imeshapita. Ikitokea penalti, kama Simba na Yanga walivyomaliza Ngao ya Jamii uwanjani hapo Agosti 2023, ndiyo kabisa.

Sasa wanaorudi Pongwe wanaingia barabara ya Segera pamoja na malori na mabasi. Wa Mabokweni wanashika ya Horohoro. Kengele ipo, karia ipo na mtu juu yake, taa hakuna.

Wengi wanajidanganya kwamba kwa vile wao wanaliona gari, basi na dereva anawaona. Taa za gari zinaonekana tangu mbali. Mtu wa nguo za giza haonekani mpaka gari limkaribie. Hata dereva anayetii kilomita 50 kwa saa kwenye makazi anakula karibu mita 14 kila sekunde. Penalti inapigwa mita 11. Yaani kabla hajakanyaga breki ameshapita umbali ambao kila kipa anaulalamikia.

Jezi nayo haisaidii. Nyekundu ndiyo rangi inayowahi kupotea gizani, ikaonekana kama nyeusi. Wagosi wa Kaya na wenzao wa Simba wajue hilo. Watani wasicheke sana, kijani kilichokoza nacho ni giza tu. Nafuu yao ipo kwenye njano.

Dawa yake si ya gharama ya kutisha. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Stika za kuakisi mwanga zibandikwe kwenye madgadi na hasa kwenye pedali, kwa sababu pedali inapanda na kushuka, dereva akaelewa mara moja kwamba pale kuna mtu. Mwendo ni kushoto, upande uleule wa magari, bila kuchomoka ghafla kukwepa shimo. Lori likiwasha indiketa ya kushoto, asipenye mtu ubavuni mwake. Na zile hedifoni za kufuatilia matokeo ya viwanja vingine zikae mfukoni. Baiskeli haina kioo cha pembeni, kinachosikia lori la nyuma ni sikio.

Lakini mzigo wote asibebeshwe shabiki. Coastal Union na African Sports wana mashabiki wanaokuja uwanjani kwa pedali miaka nenda rudi, na jezi wanazinunua. Ukanda mwembamba wa kuakisi mwanga chini ya namba ya mgongoni hauharibu rangi ya klabu yoyote. Klabu zinapokaa na mtengenezaji kujadili nembo ya mdhamini iwe kubwa kiasi gani, ukanda huo nao uwekwe mezani.

Wanaosimamia uwanja watenge sehemu ya baiskeli na njia yake ya kutokea, zisigombanie geti moja na bajaji na mabasi ya timu. Na askari wa usalama barabarani wanaopangwa siku ya mechi wasiondoke na msafara wa wachezaji. Wabaki mpaka baiskeli ya mwisho ipite.