Bata Wasiohesabiwa Hupungua Kimyakimya

Tangu mwaka 1955, kila ifikapo Mei, marubani wa idara za wanyamapori za Marekani na Kanada hurusha ndege ndogo karibu kabisa na ardhi, wakifuata njia zilezile za mwaka uliotangulia na kuhesabu bata. Wenzao walio ardhini hurudia sehemu ya njia hizo ili kukadiria ni bata wangapi walioponyoka macho ya walio angani. Kazi hiyo ilisimama mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, kisha ikaendelea. Mkulima wa chai wa Kangema, Murang'a, ana haki ya kuuliza bata wa Alaska wanamhusu nini. Wanamhusu kwa sababu mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare na kupita kando ya shamba lake haina hesabu ndefu ya namna hiyo, na pasipo hesabu, ubishi kuhusu hali ya mito huishia kwa mwenye sauti kubwa.

Tazama hesabu hiyo imewafunza nini wenyewe. Bata wazamaji wanaoitwa skopu walikuwa zaidi ya milioni 6 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2006 walikuwa wamebaki takriban milioni 3.2, na hadi leo hawajarudi walikokuwa. Katika kipindi hichohicho, jamaa yao mwenye kichwa chekundu, ambaye naye huzama kutafuta chakula, aliongezeka hadi kupita milioni 1 mwaka 2011, idadi iliyozidi sana wastani wake wa miaka mingi. Mtu aliyesimama ukingoni mwa ziwa angeona maji yamejaa bata na kurudi nyumbani ameridhika. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo cha kupungua kwa skopu: wengine wanataja uhaba wa chakula wakati wa safari ya kwenda kuzaliana, wengine sumu, wengine joto linalobadilisha misitu ya kaskazini. Lakini hakuna anayebisha kwamba wamepungua. Wataalamu hao wamevuka hatua ambayo sisi hatujaifikia.

Kenya si kwamba haihesabu kabisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makumbusho ya Kitaifa pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa majini kila Januari, na nguvu kubwa imeelekezwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Naivasha na Nakuru. Huko ndiko anakopatikana Maccoa, bata mzamaji wetu, ambaye dume lake huwa na mdomo wa samawati wakati wa kuzaliana. Shirika la IUCN limemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Hula wadudu wadogo wa kwenye tope la chini, hivyo sumu inayotuama humo humfikia. Hunaswa na nyavu za wavuvi, na kina cha maji kikibadilika ghafla kiota chake kilichomo mateteni hugharikishwa au huachwa pakavu.

Maccoa hapendi maji yaendayo kasi, kwa hiyo si kipimo cha mto Mathioya wala Maragua. Kipimo cha huku ni bata mweusi wa mtoni. Huyu huishi wawiliwawili, na kila jozi hushikilia kipande chake cha mto na kufukuza wageni. Tabia hiyo humfanya awe rahisi kuhesabika: ukijua kipande fulani kilikuwa na jozi tatu na sasa kina moja, umepata habari. Hula mabuu ya wadudu na mbegu za majini, na huhitaji ukingo wenye vichaka. Mto uliojaa udongo wa mashamba, au uliolimwa mpaka kwenye maji, hauna cha kumpa.

Atatokea wa kusema kwamba vipimo vya kina cha mto vinatosha. Kina hueleza wingi wa maji, hakielezi kama maji hayo bado yanalisha kiumbe chochote. Mfereji wa chini ya ardhi unaochota maji ya Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka bwawa la Ndakaini, ili Nairobi ipate kunywa, ulizua hofu kubwa Murang'a. Serikali ilisema yatachukuliwa maji ya mafuriko tu. Wakazi wengi hawakuamini. Hesabu ya miaka kumi kabla ya mfereji na kumi baada yake ingempa kila upande kitu cha kushika mkononi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wamarekani huhesabu bata ili kupanga uwindaji, na wawindaji wao hulipia uhifadhi kwa stempu maalumu tangu mwaka 1934. Sisi hatuna mlipaji wa aina hiyo. Ni kweli, lakini tuna vyama vya watumiaji maji vilivyotambuliwa na sheria, na tuna shule kando ya kila mto. Nao wanaohofia kwamba wanafunzi watakosea hesabu wakumbuke kwamba mwelekeo hautafuti ukamilifu. Unadai kipande kilekile, saa ileile na utaratibu uleule kila mwaka, kwani kosa linalojirudia kwa kiasi kilekile halifichi kupungua.

Kangema iliwahi kulipa taifa waziri wa mazingira, hayati John Michuki, aliyeonyesha kwamba hata mto Nairobi ungeweza kusafishwa. Alifariki Februari 2012, na mto ukarudia uchafu. Juhudi zinazotegemea ukali wa mtu mmoja huondoka naye; rekodi humkuta waziri ajaye na kumdai majibu. Hesabu ya mwaka wa kwanza haitathibitisha lolote, na hapo wengi watakata tamaa. Thamani yake huja mwaka wa kumi, na mwaka ambao haukuhesabiwa hakuna bajeti itakayoweza kuununua baadaye. Ndiyo sababu serikali ya kaunti ya Murang'a inapaswa kuanza Januari ijayo.